Kuku wa Kalasi ya Nne

Mimi sikuomba kuku wa Leta. Nianze hapo, maana hapa Kindu muntu akisikia jina Adolphine na neno kuku pamoja, hangoji mwisho wa habari. Aliyeomba njo bwana yangu, Mwalimu Rigobert Tshibangu, Mukasai wa watu, aliyefundisha kalasi ya nne kwenye masomo mapya ya Leta, shule ya serikali nyuma ya gare ya treni. Masomo yale yalikuwa na mabati mapya na mabenchi mapya, lakini vitabu vya kusoma havikutosha hata benchi la mbele. Watoto walilundika vichwa juu ya kitabu kimoja, na aliyekaa pembeni alijua nusu ya hadithi, ile nusu ya upande wake. Claire wetu alikaa pembeni. Akirudi nyumbani alinisimulia sungura aliyeingia shimoni, na nikimuuliza alitokaje, ananiambia, "Mama, huko mimi sikufika."

Wakati ule wa Wabelgiji kulikuwa na kamusaada kadogo ka Leta kwa mwalimu mwenye wazo la kusaidia kalasi yake. Si ka kujengea daraja. Kalitolewa mara mbili: mara ya kwanza unaanza kazi, halafu bwana mumoja anatoka Stanleyville kuja kuiona kwa macho yake. Akiona kazi imesimama, unapata mara ya pili. Akiona imelala, kwa heri. Rigobert aliomba kuku. Watoto wangejifunza hesabu kwa mayai, na musaada wa pili ungeleta sanduku la vitabu. "Kila mutoto na kitabu chake, Adolphine," aliniambia kila siku tukila, mpaka nikaanza kuvionea wivu vitabu ambavyo sijaviona.

Sharti lilikuwa moja: kuku wakae kwenye banda la masomo, wote pamoja, chini ya kufuli.

Banda alilijenga yeye na watoto, na lilikuwa zuri, sitasema uongo. Mulango wa jiko langu umeinama tangu siku ya ndoa yetu, lakini banda la kuku wa Leta lilisimama wima kama askari. Kuku walikuja wekundu, wanene, na jogoo wao mwenye kutembea kama ndiye aliyelipa treni. Kalasi nzima iliwapenda. Nami niliwapenda, ila sikumuambia Rigobert, nisimpe kichwa.

Halafu konje ikafika, masomo yakafungwa, watoto wakarudi makwao, na Rigobert akaitwa Kailo kwenye mafunzo ya walimu. Aliniachia ufunguo.

"Adolphine, kuku wale ni macho yangu."

"Na mimi ni nini yako?"

"Wewe njo unayachunga."

Anajua kusema, mwanaume yule. Ndivyo alivyonitoa Pangi.

Hajamaliza hata wiki huko, kideri kikaingia kambi ya reli, pale karibu kabisa na masomo. Kuku anasinzia asubuhi, jioni miguu juu. Sasa, kwetu Pangi hata mutoto anayenyonya anajua la kufanya: kuku hawawekwi nyumba moja. Unamuwekesha muntu. Huyu unamupa shemeji, yule unamupa rafiki ngambo ya kijito. Anamufuga kama wake, na akitotoa, vifaranga munagawana. Ugonjwa ukiingia kwa mumoja, kwingine wanabaki. Na jambo hili lina sheria yake: kuku uliyemuwekesha hadaiwi kabla hajatotoa. Ukimudai mapema umemuambia mwenzako mbele ya watu, wewe ni mwizi. Nimeona jamaa mbili za Pangi zikikaa matanga moja bila kusalimiana kwa sababu ya kuku wa hivyo.

Basi nikafungua kufuli. Kila kuku nilimupeleka kwa muzazi wa kalasi ya nne, mbali na kambi ya reli. Jogoo nilimupelekea Zuberi mushonaji, wote wawili wanapenda kuamsha watu. Mumoja nilimupeleka kwa Mama Élisabeth, mujane anayekausha samaki kwa moshi pale ukingo wa Lualaba. Nilisema maneno kama bibi yangu alivyokuwa akiyasema: "Nakuwekesha. Mungu atupe." Mama Élisabeth alimupokea kwa mikono miwili. Alinitazama kama nimemupa kitu ambacho watu waliacha kumupa zamani.

Rigobert aliporudi, konje ikikaribia kuisha, na kuona banda tupu, hakupiga kelele. Mukasai wangu akikasirika anasema Kifaransa. Siku ile ilikuwa Kifaransa mpaka sahani zikaoshwa. Alipochoka ndipo nikamueleza, na nikamuonyesha kambi ya reli ambako haikubaki hata kuku moja ya kuuliza saa.

"Basi umewaokoa," alisema, kwa Kiswahili. "Asante, muke wangu. Lakini Bwana Henri wa Stanleyville anafika kesho na meli. Tuwachukue, awaone, halafu tuwarudishe."

"Hapana."

"Siku moja tu, Adolphine."

"Hata saa moja. Nilisema nawekesha. Na yule wa Mama Élisabeth amelalia mayai, yamebaki kidogo yapasuke."

"Na vitabu?"

Musidhani sikuvitaka. Nilivitaka kuliko yeye. Yeye alivitaka kwa kalasi nzima, mimi nilivitaka kwa ajili ya sungura wa Claire aliyekwama shimoni. Lakini mdomo wangu ulikuwa umekwisha kusema, na mbele ya watu. Nikimufuata Mama Élisabeth na kumuambia nipe, nitakuwa nimemurudisha pale alipokuwa, muntu asiyeaminiwa hata na kuku.

"Mimi nitamuambia bwana ukweli," nilisema.

"Wewe?"

"Ndiyo mimi. Wewe utamuambia kwa Kifaransa kizuri, na atakukatalia kwa Kifaransa kizuri."

Bwana Henri alikuja kutoka bandari na kinga ya kuazima, kabaiskeli kadogo, anapiga pedali huku magoti yanagusa kidevu. Murefu, shingo nyekundu, soksi nyeupe mpaka gotini. Alizunguka banda, akashika kufuli, akachungulia ndani. Nikamueleza yote, kideri, Pangi, kuwekesha, sheria. Alisikiliza, hilo namupa. Kiswahili chake kilikuwa kile wazungu walichojifunza kwa kuagiza wapagazi, maneno yote yanatoka kama amri hata akitaka maji.

"Mama, karatasi yangu inauliza: kuku iko kwenye banda, ndiyo ao hapana. Mimi naandika ile macho inaona."

"Twende nikuonyeshe nyumba kwa nyumba."

"Kuku kwenye nyumba ya watu ni kuku ya watu. Meli inaondoka saa tisa. Mpaka pale mimi niko hapa. Kuku ikirudi kwenye banda, naandika ndiyo."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa mubaya. Alikuwa muntu mwenye karatasi. "Sitawadai," nilimuambia. Nikamuangalia Rigobert, nikijua akinigeukia sasa hivi mbele ya muzungu sitamulaumu, kazi ilikuwa yake, na jina lake njo lilikuwa kwenye ile karatasi.

Alikuja akasimama karibu yangu, bega kwa bega. "Hatutawadai," alisema.

Nilimupenda siku ile mpaka ikaniuma kifuani. Bado namupenda hivyo, ingawa mulango wa jiko ni uleule.

Bwana Henri aliketi kwenye benchi la watoto, magoti juu, akangoja. Sisi pia tulingoja, sijui nini. Lakini watoto waliokuja kufyeka uwanja wa masomo walikuwa wamesikia kila neno, na Kindu habari haipandi kinga, inakimbia kwa miguu. Wa kwanza kutokea alikuwa Zuberi, kamba ya kupimia shingoni, jogoo kwapani. Nyuma yake wengine, kila mumoja na kuku wake.

"Nani amewaita?" niliuliza, na nilikuwa mukali kweli. "Nani amewadai?"

"Hakuna," alisema Zuberi. "Mwenye kuku akidai ni matusi. Mimi jogoo wangu nimemutoa kutembea. Amechoka kukaa, kila siku cherehani, cherehani."

Watu walicheka, hata Rigobert. Waliwaingiza wenyewe bandani, mumoja mumoja, na Bwana Henri alisimama kwenye kamulango akiwatazama wanavyopita. Akafungua karatasi yake. Akasema bado mumoja hajafika.

Nilijua ni yupi. Nilianza kusema kwamba huyo hawezi kuja, aandike bila yeye, na sijamaliza nikamuona Mama Élisabeth anaingia uwanjani, anatembea haraka, kikwembe amekikunja mbele ya tumbo na kichwa chekundu cha kuku kinachomoza.

"Mama Élisabeth, huyo amelalia."

"Najua."

"Mayai yatakufa."

"Mutoto wangu Ndaya pia anakaa pembeni mwa benchi," alisema. "Ni karibu na Claire wako. Hujui?"

Sikujua. Claire hakuniambia nani anakaa pembeni naye, na mimi sikuuliza.

Mama Élisabeth alimunyoshea muzungu kuku. Bwana Henri alimupokea ili amutie bandani, halafu akasita. Akamugeuza, akapuliza manyoya ya tumbo. Chini palikuwa uchi, ngozi nyekundu. Akaweka kiganja pale.

"Huyu analala na mayai."

"Ndiyo, bwana."

"Ametoka saa ngapi?"

"Sasa hivi. Nimetembea tu."

Aliangalia banda. Aliangalia karatasi kwenye mukono wake mwingine. Halafu akaikunja akaitia mufukoni, akamubana kuku kwapani jinsi anavyobanwa na muntu aliyekulia kati ya kuku. "Mayai iko wapi?" alisema. "Twende. Mbio."

Na sisi wote tukaenda. Mama Élisabeth mbele, muzungu nyuma yake na kuku, halafu mimi na Rigobert aliyesukuma ile kinga, na Zuberi na wazazi na watoto, tukiteremka kuelekea Lualaba, watu sokoni wakiuliza nani amekufa. Pale chanjani, penye samaki wa moshi, Bwana Henri aliinama akaingia kwenye jiko la moshi. Mayai yalikuwa kwenye kikapo karibu na majivu ya moto, Mama Élisabeth ameyafunika kwa kitambaa. Muzungu alipiga magoti majivuni na soksi zake, akatoa kitambaa, akagusa yai moja kwa shavu lake. Akamuweka kuku.

Kuku alisimama. Alitutazama sote pale mulangoni, na hasira yake niliielewa vizuri. Akainua muguu mumoja kama anayetaka kuondoka, na bandarini meli ikapiga honi. Bwana Henri hakugeuka. Alianza kutoa kasauti kadogo kooni, ko, ko, ko, taratibu, na Mama Élisabeth, aliyechuchumaa upande wa pili wa kikapo, akatoa vilevile. Kuku akashusha mdomo wake, akageuza yai moja. Akageuza lingine. Akakunja miguu, akajitanua, akakaa.

Hapo ndipo bwana alipotoa karatasi na kuandika juu ya goti lake. Rigobert alimuuliza kitu kwa Kifaransa, lakini yeye alijibu kwa Kiswahili, nadhani ili tusikie sote. "Nimeandika ndiyo. Kuku yote. Vitabu itakuja na meli ingine."

Wazazi walianza kusema pamoja, na mimi nilikuwa nalia, siwafichi. Lakini Mama Élisabeth alimushika bwana mukono wa shati kabla hajasimama.

"Bwana, na Ndaya pia?"

"Kila mutoto, mama."

"Chake peke yake? Hatakigawa na muntu?"

"Chake peke yake."

Mama Élisabeth aliuachilia ule mukono. Akaketi chini majivuni karibu na kikapo, akafunika uso wake na kikwembe, na mabega yake yakawa yanatikisika. Niliingia nikaketi naye. Nje Rigobert alikuwa anamusukuma Bwana Henri kuelekea bandari, amempandisha kinga na magoti yake ya majivu, wote wawili wanakimbizana na meli.