Maksi za Chenge

Mechi ikichezwa Jumapili kwenye kiwanja cha Kirumba, ilikuwa haijaisha mpaka Jumatatu saa nne, wakati wa chai, Venant Chenge atoe maksi. Kwenye kiwanda cha kuchambua pamba alikuwa mtu wa mizani tu, lakini kwenye mpira alikuwa hakimu. Alifungua daftari lake, akawataja wachezaji wa timu ya kiwanda mmoja mmoja na kuwapa maksi kati ya kumi. Aliyepata nane alitembea kifua mbele wiki nzima, aliyepata tatu alikunywa chai peke yake. Miaka kumi na mmoja mambo yalikwenda hivyo, na Chenge akanenepa kwa heshima.

Basi akarudi Clavery Kaijage, kijana wa Bukoba, fundi mitambo, kutoka Chekoslovakia alikosoma miaka mitatu. Wakati wa chai watu wakawa wanamzunguka yeye, awasimulie jinsi Wazungu wanavyocheza mpira wa magongo juu ya barafu, wamevaa viatu vyenye visu. Chenge akifungua daftari anakuta migongo. Alimwonea wivu kijana yule mpaka kwa vitu visivyo na maana: koti lake, mwendo wake, hata ile "Shikamoo, Mzee Chenge" aliyoitoa kwa unyenyekevu, kana kwamba hana habari amemnyang'anya mtu ufalme.

Mwaka ule wa sabini na tatu timu ya kiwanda ilialikwa kwenye mashindano ya viwanda kule Kisumu. Kwenye meli ilibaki nafasi moja, ya mtu wa kupima wachezaji na kumshauri mwalimu wa timu nani aanze, nani akae benchi. Chenge hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi. Aliiona nafasi hiyo kuwa yake, hadi aliposikia watu wanataka apewe Kaijage kwa kuwa ameona dunia. Tangu hapo ugali ukawa haumshuki.

Ndugu Dorotea, mwenyekiti wa kamati ya michezo, hakupenda ubishi wa kuzungukazunguka. Fundi mmoja Mcheki, aliyekuja kufunga mashine mpya, alikuwa na filamu ya magongo ya barafuni, Wacheki na Waswidi kwenye mashindano ya dunia. Dorotea akaamua ionyeshwe bwaloni Jumamosi mchana, na Chenge na Kaijage wawape wachezaji wale maksi, kwa sababu kwenye mechi hiyo hakuna mwenye shemeji wa kumpendelea. Atakayepima vizuri ndiye aende Kisumu. Chenge angeweza kukataa. Lakini akatae mbele ya Kaijage? Bora afe.

Madirisha yakazibwa kwa magunia, filamu ikaanza kukimbia ukutani. Shida ya Chenge ni kwamba jicho moja lilikuwa kwenye filamu na la pili kwa Kaijage. Kaijage akitikisa kichwa kwa kuridhika na mchezaji, Chenge anamshusha mchezaji huyo. Jambo moja tu aliliona kwa akili yake mwenyewe, akalishikilia. Namba ishirini na moja wa Wacheki, jitu la mabega, alicheza kama dakika moja akatoka kwenda kukaa. Akarudi, akatoka tena. Chenge alihesabu mara kumi na nne. Kirumba mchezaji akitolewa ametolewa, na kesho yake hatazamwi usoni. Akampa moja. Wenzake waliotokatoka akawapa mbili mbili. Kumi akampa golikipa, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na adabu ya kubaki uwanjani.

Dorotea akaisoma karatasi ya Chenge kwa sauti. Mcheki alipotafsiriwa alicheka mpaka akashika meza. Kwenye barafu, alieleza, wote hutoka na kurudi namna hiyo, ndivyo mchezo ulivyo, na namba ishirini na moja ndiye aliyeng'ara kuliko wote siku ile. Bwalo zima likaangua kicheko. Chenge akainamia vidole vya miguu yake, akamngoja Kaijage naye acheke, angalau apate kumchukia vizuri.

Kaijage hakucheka. Aliikunja karatasi yake bila kuisoma, akasimama.

"Mchezo huu mzee hajawahi kuuona, tusimpime kwa huo," alisema. "Kabla sijaondoka nilikuwa winga hapa. Fainali ya mkoa nilifunga mabao mawili, nikadhani nimekuwa mtu. Jumatatu Mzee Chenge akanipa tatu, mbele ya wote. Iliniuma sana, lakini nikaelewa sina kipaji, na tangu siku hiyo sijavaa viatu vya mpira. Mtu asiyependelea hata anayeshangiliwa na mji mzima, ndiye wa kwenda Kisumu."

Watu wakapiga makofi. Chenge peke yake alijua kwamba Jumapili ile aliandika tisa. Hakuwahi kuona winga kama yule. Lakini Jumatatu asubuhi waliochaguliwa kwenda kusoma Ulaya walibandikwa majina mlangoni, la Kaijage likiwamo, na la Chenge, aliyeomba miaka mitatu mfululizo, halikuwamo. Alifuta tisa kabla ya chai.

Dorotea akamuuliza kama ana la kusema. Ile tisa ikamfika kwenye ulimi. Akamtazama Kaijage aliyesimama pale bila kinyongo chochote, na hata kwa moyo ule mweupe akamwonea wivu.

"Meli inaondoka saa ngapi?" akauliza.