Mguse Bega Kwanza

Barua ya shule ilikuwa na mistari minne, na kila mmoja ulinipandisha mori. Binti yako ni mjeuri. Haitikii anapoitwa. Kengele ikilia anaziba masikio na kujitupa chini. Lete cheti cha daktari kabla ya saa sita mchana Ijumaa, la sivyo mtafutie shule nyingine.

Cheti! Cheti nilishawapelekea, jamani, na balaa lote lilianzia hapo. Muhula ulipofunguliwa nilimpeleka mtoto hospitali. Wakamweka kwenye kijichumba kilichobandikwa sponji kuta zote, kimya mpaka unasikia mate yako yakishuka kooni. Mpima masikio akamvalisha vipokea sauti, akamchezea milio yake, na mtoto akawa anainua mkono kila mlio ukipita. Hakukosa hata mmoja. Akaandika: masikio mazima. Nikakipeleka shuleni kifua mbele. Mwalimu wake wa darasa akakisoma, akanipandisha na kunishusha kwa macho.

"Kumbe anasikia vizuri," akasema. "Basi ni kiburi tu, mama. Anajifanya hamnazo."

Yaani karatasi niliyoihangaikia imtetee mwanangu ndiyo iliyomtia hatiani. Kuanzia siku ile akawa anasimamishwa kona, uso ukutani. Miaka sita, mtoto hata jino la mbele hajang'oa.

Mimi nashona sare kwa shangazi yangu. Karakana yake ni chumba kimoja cha bati chenye vyerehani kumi na vinne vya umeme, na vikinguruma vyote ukipayuka unamaliza pumzi bure. Kwa hiyo tuna utaratibu wetu. Ukitaka kusema na mtu, mguse bega kwanza, subiri akutazame, halafu sema kwa kifupi. Mgeni akija akabwabwaja nyuma ya mgongo wa fundi, shangazi humwambia waziwazi kwamba hana adabu. Binti yangu amekulia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mafundi wanamwita Pini, kwa wembamba wake.

Jumatano niliingia karakanani na ile barua mkononi, hasira zimenijaa mpaka puani. Pini alikuwa amechuchumaa sakafuni, amenipa mgongo, anapanga vifungo kwa rangi.

"Wewe! Kwa nini humwitikii mwalimu?"

Anaendelea na vifungo vyake. Nikamwita tena kwa sauti ya kupasua bati. Hata hakutikisika. Nikainua mkono nimchape, na Mungu anajua ningemchapa kweli, ila shangazi aliudaka mkono wangu hewani. Akanigeuza nimtazame.

"Umemgusa bega?"

"Shangazi, huyu anasikia! Wamempima!"

Shangazi alikwenda ukutani akazima swichi kubwa. Vyerehani vyote vikanyamaza, mafundi wakainua vichwa.

"Pini," akaita kwa sauti ya chini, yuko kule kule ukutani.

"Abee bibi," Pini akajibu, bila kugeuka. "Umeme umekatika?"

Nilikaa kwenye gunia la vitambaa. Kule hospitali walimpima ndani ya sponji. Na mimi, mama yake, kwa miaka sita sikuwahi kumsemesha kwenye kelele bila kumgusa bega mpaka siku ile, kwa sababu sote pale ndivyo tunavyosemeshana. Ningejulia wapi?

Alhamisi, saa mbili asubuhi, nilikuwa dirishani pa mapokezi na Pini. Karani akafungua jalada.

"Ameshapimwa huyu."

"Apimwe tena. Kwenye kelele."

"Kupima tena ni miezi mitano, mama. Acha namba ya simu."

"Miezi mitano! Mimi naambiwa kesho!"

"Utaratibu ndio huo. Anayefuata!"

Hapo ndipo waliponijua. Sikutukana, wala sikupiga kelele. Niliketi sakafuni mbele ya mlango wa mpima masikio, Pini mapajani, nikanyoosha miguu. Kila aliyetaka kuingia ilimbidi aniruke. Karani akaita mlinzi. Mlinzi akaja, akamwona mtoto, akarudi alikotoka. Saa sita kasoro, mpima masikio mwenyewe akatoka.

"Mama, unatuzuia kazi."

"Na wewe umeniharibia mtoto. Umempima kwenye kimya. Darasa lao lina watoto hamsini, dirisha liko juu ya barabara. Sponji iko wapi pale?"

Akavua miwani. "Kipimo cha kusikia kwenye kelele kipo," akasema polepole. "Hakuna aliyekiomba."

Ala! 

"Hakuna aliyekiomba? Mimi nashona sketi! Wewe ndiye unayejua kama kipo, mimi ningekiombaje?"

Alitazama saa yake, akafungua mlango, akatuingiza wakati wenzake wanakwenda kula.

Safari hii alimchezea sauti za watu wengi wakiongea pamoja, na ndani yake sauti moja ikitaja vitu: kikombe, mlango, kiatu. Pini alitakiwa arudie. Alitaja vitatu katika ishirini. Kwa vingine alinitazama mimi usoni, anatafuta mdomo wa kusoma. Nililia, nasema kweli, na nililia kwa hasira.

"Masikio yanapokea," mpima masikio akanieleza. "Kichwa ndicho kinachoshindwa kuchambua sauti moja kati ya nyingi. Si ujeuri. Hata angetaka vipi, asingeweza."

Akatupeleka chumba cha pili, kwa mama mmoja mtaalamu anayepima jinsi watoto wanavyohisi vitu: kelele, mwanga, kuguswa. Akamsugua Pini kiganja kwa brashi, akambembeza, akapiga filimbi mbali kisha karibu. Mngurumo wa vyerehani kauzoea, lakini ule mlio mkali wa ghafla ulimshinda Pini: akaziba masikio, akalala chini, vilevile kama shuleni.

"Lebo za nguo zinamsumbua?" akaniuliza.

"Hapana," nikajibu haraka. Kisha nikakumbuka. Lebo ipi? Tangu akiwa mchanga nafumua lebo zote, na mishono ya sare yake naigeuza nje isimguse ngozi. Nimefanya hivyo kwa mikono yangu mwenyewe, miaka yote, na wala sijawahi kujiuliza kwa nini.

Walituandikia barua moja, mstari wa mwisho nikawaambia waongeze kwamba aguswe bega kwanza, wakaigonga mihuri miwili.

Ijumaa, saa nne, tulikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ilikuwa mapumziko, uwanja mzima unapiga kelele dirishani. Mwalimu wa darasa alisimama mlangoni, mikono kifuani. Mimi njia nzima nilikuwa nimempangia maneno ya kumtoa jasho.

Mwalimu mkuu akasoma barua. Kabla hajamaliza, mwalimu wa darasa alimwita Pini kwa jina lake, nyuma ya kisogo. Pini alikuwa anatazama ramani ukutani. Hakugeuka.

"Mnaona wenyewe?" akasema. "Tangu muhula uanze ni hivi hivi."

Nikasimama. Mwalimu mkuu akaninyooshea kiganja nitulie. Akaupitia tena mstari wa mwisho wa ile barua, akazunguka meza, akamgusa Pini bega. Mtoto akageuka papo hapo, akamtazama, akatabasamu.

"Kwa nini humwitikii mwalimu wako?"

"Hajaniita," Pini akasema.

"Anasema anakuita kila siku."

Pini akamtazama mwalimu wake, mshangao umemjaa usoni.

"Mimi namsubiri," akasema. "Kila siku namsubiri aniguse bega. Nikadhani hataki kuongea na mimi."

Nikamvuta Pini kifuani, yale maneno niliyoyapanga nikayaacha. Mwalimu wa darasa akashusha mikono, akavuta kiti cha wageni, akakaa bila kukaribishwa.