Fundo la Ngosha

Jino la Mwishehe liling'oka kabla hajamaliza kucheka.

Na kucheka kwenyewe alijiona ana haki nako. Yeye Mzaramo wa Gongo la Mboto tangu enzi za babu yake, na Msukuma kwa Mzaramo ni mtani: unamkwapulia kuku, unavuruga msiba wake, naye hana ruhusa ya kununa. Sasa huyu jirani mpya kahamia kutoka Shinyanga, asubuhi anasalimia kwa Kisukuma mpaka mbuzi, mtaa mzima unamwita Ngosha, kama Msukuma yeyote. Mwishehe aulize nini tena?

Ngosha alikuwa fundi wa kushona viti vya magari Chang'ombe. Siku tatu alishinda uani na turubai la lori, shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa nailoni, akishona bembea ya kulalia ya kwenda nayo ufukweni Kimbiji, ambako yeye na mafundi wenzake walipanga kupiga kambi Jumamosi. Alikunja pindo huku na huku, akapitisha kamba ya manila, akafunga upande mmoja kwenye mkorosho, wa pili kwenye nguzo ya geti. Halafu akapanda kuijaribu, tumbo juu, macho kafumba.

"Ngosha, unajipima jeneza?" Mwishehe alimuuliza kutoka getini.

"Niache nipumzike, bwana."

Mwishehe akavuta ncha ya kamba pale kwenye nguzo. Fundo likaachia. Ngosha akashuka mzimamzima kama gunia la mkaa, kisogo kikagonga ukingo wa karo la kufulia. Alipoinuka, damu ilishamlowesha kola.

"Pole, mtani! Kwenu ng'ombe nao wanaangukaga hivyo?"

Ngumi ikaja, jino likaondoka. Ya pili ikatua mbavuni.

"Mtani! Taratibu basi, mtani!" Bado Mwishehe alisubiri mwenzake aangue kicheko. Wapo watani wanaokukaba kwanza, ndipo wacheke.

"Mtani wako nani?" Jamaa aliokota ubao wa mbili kwa nne. "Mie Mchaga wa Machame! Naitwa Eliaichi! Shinyanga nilifuata kazi!"

Hapo Mwishehe akaingiwa na baridi. Kumbe kamtoa damu mtu baki. Aliinua mkono kukinga kichwa, ubao ukashukia hapohapo, mfupa ukalia ko! kama kuni kavu.

Chausiku, mke wa Mwishehe, alitokea jikoni kwao na mchi wa kinu. Hakusalimia. Alimtandika Eliaichi gotini, Eliaichi akaangukia turubai lake, na Mwishehe, kwa mkono mzima uliobaki, akamzungushia ile kamba shingoni. Akavuta, mguu kaukandamiza mgongoni. Macho ya Eliaichi yakatoka, miguu ikachimba mchanga.

"Baba Talha, utaua!" Chausiku alimpigia mumewe kelele. "Huyo si mtani, utanyongwa!"

Ndipo akaachia.

Hospitali hawamgusi mtu aliyepigwa bila fomu ya polisi, kwa hiyo wakaishia benchi moja kituoni, mmoja mkono unaning'inia, mwingine shingo ina alama ya kamba. Askari wa zamu aliwatazama kwa uchovu.

"Nimeambiwa Mzaramo na Msukuma. Utani mie siuandikii kesi; nawapa fomu, mnatibiwa, mnarudi kwenu. Ila kama ni ugomvi, tunaanza na jaribio la kuua, na huyu wa ubao naye ndani. Haya, ni nini?"

Mwishehe alimeza damu. Kumnyonga mtu ni miaka mingi jela. Akamtazama Eliaichi.

"Utani, afande," Eliaichi alijibu kwa sauti ya kukwaruza. "Mie Ngosha."

"Enhe? Mbona sioni utani hapo? Hebu tanianeni nisikie."

Eliaichi akageuka polepole. Alianza na mama yake Mwishehe, aliyezikwa mwaka jana: alivyokuwa, alivyolala, na nani. Akapanda kwa bibi. Akarudi kwa Chausiku, pale pale mlangoni alipokuwa kasimama. Hakupandisha sauti, wala hakuna neno alilolisema kwa mzaha.

Mkono mzima wa Mwishehe ulikuwa umekunja ngumi chini ya benchi.

"Mjibu mwenzio," askari akasema, kalamu juu ya fomu.

"Kanishinda, afande," Mwishehe akajibu. "Huyu mtani wangu kweli."

Eliaichi alikuwa bado anaendelea.