Nyumba ya Bolti

Siku niliyoanza kujenga pale Kabiria, jirani yangu Nashon alisimama juu ya msingi wake akanicheka mpaka mafundi wake wakaacha kazi. "Mama Fidel, hiyo ni nyumba ama banda la kuku?"

Yeye alikuwa anajenga kwa mawe, simiti na nondo. Mimi nilisimamisha fremu ya mbao, nikaifunika mabati, na kila kiungo nikakifunga kwa bolti. Misumari sitaki kuiona. Nilibomolewa mara mbili Kangemi, na mbao za misumari ziking'olewa kwa nguvu hubaki kuni.

Miaka miwili huyo mtu hakunipa amani. Mvua ikinyesha, alinipigia kelele kutoka dirishani kuuliza kama kuku wamelowa. Mke wake akaacha kunisalimia hata kanisani.

Mwezi jana watu wa mamlaka ya barabara walipita na rangi nyekundu. Walichora X ya kubomolewa kwenye ukuta wake, wakachora nyingine kwenye mabati yangu, wakatupa siku thelathini tutoke kwa njia yao.

Mimi na fundi wangu tulifungua bolti, tukahamisha nyumba mita sita nyuma, tukaikaza tena. Kazi ya siku tatu. Jumapili Nashon akaja mlangoni kwangu, sauti imemshuka, akaniuliza nilifanyaje.

Nikamletea spana yangu.

"Anza na ukuta wa jikoni," nikamwambia, nikafunga mlango.