Mkwe Habishiwi

Mzee Obbo asinisogelee tena, nitamtukana mbele za watu. Mimi Anjeline navuka mpaka kila asubuhi kutoka Busia ya Kenya kwenda kufunga mbao kwenye stoo yake upande wa Uganda, na pale sina mkwe wa kumwogopa.

Mwenye mkwe pale ni Oketcho, mwenzangu wa mashine. Amemwoa Akello, binti wa mzee, na kwao Molo, huko Tororo, baba mkwe habishiwi. Akisema mchana ni usiku, unainamisha macho na kuitikia. Nilimwambia, "Shemeji, adabu ibaki nyumbani. Huku kuna mashine." Akanicheka eti sisi Wakenya midomo yetu haina mlango.

Mashine yenyewe ni ya upepo. Unazungusha mkanda wa plastiki kwenye mbao, unabonyeza kitufe, upepo wa kompresa unazungusha kigurudumu, mkanda unavutwa mpaka mbao zinalia. Mkanda ukikwama, unachomoa kwanza mpira wa upepo, ndipo unatia mkono. Hakuna njia nyingine. Nilimfundisha mwenyewe, na tukiwa wawili hakukosea hata siku moja.

Jana lori la mteja lilikuwa linangoja. Mkanda ukakwama. Oketcho akashika mpira auchomoe, na mzee, aliyekuwa ameketi na wageni wake mlangoni, akapaza sauti.

"Wewe nachomoa nini? Upepo nakwisha bure! Toa tu na mukono!"

"Mzee, hapana!" nikapiga kelele. "Atakatika vidole! Chomoa, Oketcho!"

"Wewe mama nyamaza. Mimi naongea na mutoto yangu."

Wageni wote wakageuka kutazama. Oketcho akanitupia jicho, na haki ya Mungu, alijua. Lau angekuwa mjinga ningelala usingizi. Aliuachilia ule mpira, akainamisha macho, akasema, "Ndiyo, baba." Kisha akaingiza vidole.

Nilikimbilia kompresa nikauchomoe mwenyewe. Sikuwahi. Mkono wake ulioshika mashine ulibonyeza kitufe bila kukusudia, kigurudumu kikavuta mkanda na vidole pamoja. Mayowe aliyopiga siwezi kuyasimulia. Kufika kwangu, viwili vya mkono wa kushoto havikuwa na maana tena. Tulimfunga kwa leso yangu, tukampakia kwenye lilelile lori.

Leo nimekwenda wodini Tororo. Akello alikuwa anamlisha uji, macho yamemvimba. Nilikuwa nimejiandaa: mzee akiingia tu, nammwagia yote, liwe liwalo. Kazi nitapata kwingine.

Akaingia, kofia mkononi. Akello akapiga magoti kumsalimu babake. Oketcho, na dripu yake, akajikokota mpaka akakaa wima, maana mkwe hapokelewi ukiwa umelala. Ule mkono uliofungwa akauficha chini ya shuka ili mzee asiuone. Nikafungua mdomo. Oketcho akanitikisia kichwa: tafadhali, Anje, usiniaibishe.

"Baba, nisamehe," akasema. "Nimekwamisha kazi yako, tena mbele ya wageni."

Mzee hakugomba. Alimshika bega kwa upole, upole wa kweli kabisa, machozi yakimlengalenga.

"Imekwisha, mutoto yangu," akamwambia. "Mimi nakusamehe."

Na Oketcho akamshukuru.