Tangi Lisilo na Samaki

Bi Barka hakuzaliwa jana. Mpangaji wake, mwalimu Kirimi, alimwambia kwamba lile tangi la kioo alilopandisha chumbani ni la kufugia samaki, naye akaitikia "Alhamdulillahi" kwa mdomo tu. Juma likapita, na la pili, tangini hamna hata dagaa. Mlikuwa na udongo mweusi, mchanga juu yake, majani mabichi yaliyokuja kwa basi na boti kutoka Mombasa, na taa iliyowaka mchana kutwa nyuma ya pazia, jua lote la Mungu likiwa nje.

Taa ya nini? Majani gani hayo ya kulindwa kwa taa na pazia? Kirimi ni mtu wa Meru, na watu wa Meru na majani, Bi Barka alijiambia, hawaachani. Kama si mirungi, ni bangi.

Alitamani sana awe amekosea. Tangu binti yake Ruqaiya aolewe, nyumba ile kubwa ilibaki na sauti yake yeye na ya Kirimi tu, aliyemsomea maandishi ya dawa zake na kubishana naye kuhusu pilipili. Lakini bangi ikionekana ghorofani mwake, mwalimu angeondoka siku hiyo hiyo, na yeye angebaki akizungumza na kuta.

"Mwalimu," alimuuliza siku moja ngazini, "hao samaki wako wangali ndiani waja? Mato yangu bado hayawaona."

"Bado, Bi Barka. Maji hayajakomaa."

Maji kukomaa! Embe ndilo hukomaa. Bi Barka amekaa na samaki tangu utotoni. Nyumba za kale za Lamu zina birika la maji bafuni, na birikani huishi visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Unajaza maji, unatia samaki, basi. Anayengoja ana lake analoficha.

Asubuhi Kirimi alipokwenda shule, Bi Barka alichukua ufunguo wa akiba, akachota visamaki viwili birikani kwa kata, akapanda navyo. Kama maji haya kweli ni ya samaki, vitaishi. Akavimimina, vikapotelea kwenye majani, naye akashuka na kufunga mlango kama ulivyokuwa.

Kesho yake jioni akamsikia Kirimi akipiga ukelele juu. Punde mwalimu akashuka na begi mgongoni, akijibana ukutani asimguse.

"Wenda wapi?"

"Nimepata chumba kwingine."

"Jioni hii?"

Mwalimu akauelekea mlango. Basi ni kweli, Bi Barka akawaza, kijana ana la kukimbia. Akasimama mlangoni.

"Huendi mpaka unambie tangini muna nini."

"Unakijua wewe!" Kirimi akarudi nyuma. "Nimekuta samaki wawili wamekufa, wanaelea, na mlango niliufunga mwenyewe. Mimi sijanunua samaki! Kwetu walinionya, wakasema watu wa Pwani..."

Bi Barka alikawia kuelewa. Alipoelewa, ikamchoma. Mchawi! Yeye, anayemwombea dua kijana huyu kila baada ya swala! Alitaka kumtolea maneno makali, lakini akaona kijana alivyoshika kanda za begi kwa mikono miwili, kama mtoto. Angenyamaza, mwalimu angekwenda na hofu yake, asirudi tena.

"Ni visamaki vya birika langu," akasema. "Niliingia mimi. Nalidhani wewe wapanda bangi."

Kirimi akashusha begi. "Bangi? Ndani ya maji?"

Ilivyotamkwa hivyo, hata Bi Barka aliona ni upuuzi, na akaona haya.

Kirimi akakaa ngazini, akamweleza. Udongo mpya hutoa sumu majini. Lazima kungoja majuma kadhaa mpaka mimea ishike mizizi na vijidudu vinavyoila sumu hiyo vizaane, ndipo watiwe samaki. Bi Barka alisikiliza. Birika lake lilijengwa na babu wa babu yake; katika maisha yake yote hakuwahi kuona birika jipya.

"Maji yakiwa tayari," Kirimi akasema, "nitakuomba visamaki vingine."

"'Takupa, inshallah."

"Lakini siku hiyo ukija, Bi Barka, piga hodi."

Bi Barka, aliyewafunza kupiga hodi watoto wa mtaa mzima, alijifunika uso kwa leso, akasema atapiga.