Jiwe la Mpaka la Akina Drozd

Kaka yangu Zenon hupiga kwanza, akauliza baadaye. Mkewe anajua, na jirani yetu Hilary ana meno mawili pungufu kwa sababu hakujua mapema. Kwa hiyo Mmarekani alipoonekana kijijini kwetu, Polandi, Oktoba ile ya 1993, na dukani wakaanza kunong'ona kwamba amekuja kudai mashamba ya wazee wake, mimi ndiye niliyepaswa kumkalisha Zenon chini nimtulize. Sikufanya hivyo, na nitajilaumu mpaka nizikwe.

Mmarekani aliitwa Leonard Drozd, mzee wa miaka sitini na kitu kutoka Buffalo. Mimi hutunza madaftari ya parokia: nani kabatizwa, nani kaolewa, nani kafa. Akina Drozd ni nusu ya kijiji chetu, basi jina lake halikunishtua. Alizungumza Kipolandi cha kizamani alichofundishwa na babu yake Walenty, aliyepanda meli kwenda Marekani mwaka 1912.

"Nipe vifo vya mwaka huo, Bi Otylia."

"Unamtafuta nani?"

"Mtu tu."

"Mtu tu hana ukurasa, bwana. Hana jina?"

Alipekua kurasa zote za 1912 mara mbili. "Hata kanisani hawakumwandika," alisema. Akaniuliza lilipo shamba la akina Drozd la mtoni, lile lenye jiwe la mpaka, nikamwelekeza. Akatoka, akasahau karatasi yake mezani.

Sikuona aibu kuisoma. Iliandikwa: "Szczepan Drozd, ndugu wa Walenty. Aliuawa kwa sepetu Aprili 1912, wakigombea mpaka. Aliyemuua ni babu yangu."

Szczepan ni babu yangu mimi. Alifia kitandani mwaka 1951, nimemshika mkono, na kichwani alikuwa na shimo la kutosha yai. Alisema farasi alimpiga teke. Maisha yake yote alisema ni farasi, na jina la Walenty halikuwahi kutajwa nyumbani kwetu.

Nilichukua daftari la 1951 kwapani, nikakimbilia mtoni na miaka yangu hamsini na tisa.

Leonard alikuwa amepiga magoti penye jiwe. Amewasha mshumaa wa makaburini, na kwa kijiko anachota udongo kuutia kwenye kopo. Kwetu, anayechimba penye jiwe la mpaka ni mwizi wa shamba, na wazee husema hata akifa hatapumzika. Zenon alikuwa akivuna viazi upande wa pili wa jiwe. Alimfikia kabla yangu.

"Unahamisha jiwe, mbwa wewe?"

"Nachota udongo tu, bwana. Wa kuweka kwenye kaburi la babu yangu."

"Leo kijiko, kesho trekta. Nitakuzika na kopo lako."

Pigo la kwanza la sepetu lilitua begani, nikasikia mfupa ukivunjika. La pili lilitua mbavuni. Nililiita jina la kaka yangu mpaka koo likakauka, hakusikia. Alimkanyaga mkono, akavisigina vidole kwenye mawe. Alimpiga teke la tumbo, mzee akatapika juu ya mshumaa ukazimika. Kisha akainua sepetu kwa mikono miwili, akalishusha kichwani. Ilisikika kama boga linapasuliwa. Leonard akaangukia jiwe kifudifudi, akatulia.

Nilimrukia Zenon nikampiga daftari la wafu usoni mpaka jalada likang'oka.

"Ni damu yetu, mpumbavu wewe. Ni mjukuu wa ndugu yake babu. Umemuua ndugu yako."

Zenon alilitazama sepetu, akaitazama mikono yake. Akalitupa sepetu, akakatiza shamba la viazi kuelekea msituni, upande wa stesheni ya treni.

Nilivua kilemba changu nikakikandamiza kwenye jeraha. Kilijaa damu mara moja. Nilimchukia kaka yangu saa ile, sitaficha. Lakini pumzi ilikuwapo, na jicho moja likafunguka.

"Szczepan hakufa," nilimwambia. "Unanisikia? Aliishi miaka thelathini na tisa mingine. Akaoa, akamzaa baba yangu. Hakumshtaki mtu. Alimsingizia farasi."

Leonard alilia, machozi na damu vikachanganyika. "Babu yangu alikufa akijua yeye ni muuaji," alisema. "Hakuna aliyemfuata kumwambia." Akajaribu kuinuka, akashindwa. "Yule aliyenipiga yuko wapi?"

"Amekimbia. Anadhani amekuua."

"Kaenda wapi?"

"Stesheni."

Alinishika mkono wa gauni kwa vidole vyake vilivyovunjika.

"Basi niache mimi, dada. Mfuate. Mwambie niko hai."

Nilimwekea mkono wake mzima juu ya kilemba ajikandamize mwenyewe, nikavua viatu, nikakimbia.